Hesabu Tulizosoma Kambini Msambweni

Mkipewa hesabu ya kujumlisha mara mbili, wanangu, msianze kwa kuandika. Chora eneo kwanza. Lichore hata kama litatoka baya kama yai la kuku mgonjwa, lakini lichore, ujue ukingo uko wapi, wapi unaingia na wapi unatoka. Nimefanya kazi ya uhandisi wa barabara na maji tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi hadi serikali iliponiambia nikapumzike, na katika miaka yote hiyo sijamwona mtu aliyepotea kwa sababu ya kuchora. Waliopotea ni wenye haraka, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Maneno hayo ya kuchora kwanza si yangu. Ni ya Hamisi. Na kwa kuwa nyinyi mnaosomea uhandisi mmeniomba niwaeleze jinsi tulivyosoma kalkulasi ya vigeu vingi zamani zetu, bila kompyuta, kwa rula ya kuteleza na kitabu cha majedwali ya logi, sina budi kuwaeleza habari za Hamisi. Sijui kuieleza kalkulasi bila yeye.

Mimi ni mtu wa Diani. Hamisi alikuwa mtu wa Msambweni, mwana wa mjane aliyekuwa akisuka makuti ya kuezekea na kuyauza. Tulikutana katika chuo cha ufundi huko bara, mwishoni mwa miaka ya hamsini, na katika darasa letu watu wa pwani ya kusini tulikuwa sisi wawili tu. Baridi ya kule ilitufanya ndugu. Tulilala chumba kimoja, tukivaa sweta juu ya kanzu, na wenzetu wa bara walipotucheka Hamisi aliwaambia, "Chekeni tu. Nanyi mkija kwetu mwezi wa pili tutawatazama mkiyeyuka."

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Mskoti mrefu, mwenye chaki hadi masikioni. Aliandika kwa mkono wa kulia na kufuta kwa mkono wa kushoto, mikono yote miwili ikienda pamoja, basi usipokuwa mwepesi, mstari uliokuwa ukiunakili ulikuwa umekwisha kwenda zake. Siku moja alitupa hesabu ya tangi la maji la duara, lenye sakafu iliyobonyea katikati, tutafute linachukua maji kiasi gani. Nilijaza karatasi mbele na nyuma. Mskoti akalitazama jibu langu kwa muda, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, "Tangi hii, wewe kunywa peke yako, bado kiu."

Darasa zima lilicheka. Nilikuwa nimelisahau jambo dogo. Ukihama kutoka vipimo vya miraba kwenda vipimo vya duara, kila kipande cha eneo hukizidisha kwa umbali wake kutoka katikati. Nilijua kuwa iko kanuni hiyo, lakini sikujua kwa nini, na kitu usichojua kwa nini, utakisahau tu. Jioni Hamisi alikaa kitandani akanieleza.

"Umeukata mkate wa sinia," alisema. "Kipande kule katikati ni chembamba kama ulimi wa ndege. Kule ukingoni ni kipana. Wewe umewagawia watu, umehesabu vyote sawa. Mtoto mdogo aliyepewa ncha angelia, lakini wewe na digrii yako umeona sawa tu."

"Digrii sijaipata."

"Na kwa mwendo huu hutaipata."

Miaka mingi baadaye, huko Galu, walipokuwa wakijenga hoteli mojawapo, mkandarasi alinipigia hesabu ya lundo la kokoto lililomwagwa mviringo, na hesabu yake ikawa haikaribiani na lundo. Alikuwa amefanya kosa langu lile lile. Nikamwagizia mkate wa sinia jikoni, nikamkatia mbele ya vibarua wake. Alikasirika, lakini akaelewa, na mkate tukaula.

Vile vile kuhusu ile d iliyopinda mgongo ambayo huwatisha wengi wenu. Hamisi alikuwa akisema: simama juu ya milima ya Shimba. Nenda moja kwa moja upande wa bahari, uone mteremko una ukali gani. Rudi pale pale uliposimama, sasa nenda upande wa kusini, uone tena. Mlima ni ule ule na mahali ni pale pale, ila umepata miteremko miwili, kwa sababu kila mara umeuzuia upande mmoja usisogee. Basi, hakuna zaidi. Mskoti alitumia wiki nzima kutueleza jambo hilo, na Hamisi alilieleza tukiwa katika foleni ya uji.

Nawaeleza haya ili mjue alikuwa mtu wa namna gani kabla sijawaeleza lililompata.

Tulikuwa na siku za karakana, tukijifunza kufua chuma. Siku hiyo Hamisi alikuwa amesimama karibu nami, ananieleza hesabu fulani ya asubuhi, na alipokuwa akieleza aliegemeza mkono wake wa kushoto juu ya meza ya chuma nyuma yake. Palikuwa na kipande kilichotolewa motoni muda si mrefu. Rangi yake ya moto ilikuwa imetoka, kimekuwa cheusi kama vingine. Mimi nikasikia harufu. Nilidhani aproni ya ngozi ya mtu imeshika moto. Hamisi aliendelea kuzungumza.

"Hamisi," nikamwambia. "Mkono."

Akageuka akautazama kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine. Akauondoa taratibu, na ngozi ikabaki pale juu ya chuma. Hakulia wala hakuruka, na sote karakanani tulikuwa tukimngoja alie.

Daktari alimvua shati akayaona mabaka mgongoni, meupe meupe, ambayo Hamisi mwenyewe alikuwa akiyapaka dawa ya choa. Akamchoma sindano katika mabaka yale huku Hamisi amefumba macho, akimuuliza, "Unasikia? Na hapa?" Hamisi alijibu kuwa bado hajachomwa. Ulikuwa ukoma. Leo mnajua kuwa ni maradhi ya vidonge, mtu akitibiwa mapema hupona, na si rahisi kuambukizana kama tulivyodhani. Wakati ule jina lenyewe watu hawakulitaja. Walisema maradhi makubwa, wakatema mate.

Nilipotoka darasani alasiri, kitanda cha Hamisi hakikuwapo chumbani. Godoro lake lilikuwa likiungua nyuma ya jiko la chuo. Nami nikaitwa, nikavuliwa nguo, nikachomwa sindano mwili mzima. Kila iliponiuma nilimshukuru Mungu, kisha nikaona haya kwa kushukuru. Hamisi alikuwa amekwisha kupelekwa stesheni. Sikuwahi kumuaga.

Mwisho wa mwaka nilianguka mtihani wa kalkulasi. Masomo mengine nilipita, hilo nilianguka, nikaambiwa nirudie baada ya likizo ndefu, nikianguka tena nisifungue sanduku, nirudi kwetu moja kwa moja. Nikarudi Diani. Baba yangu alikuwa amefariki nikiwa mdogo, na aliyenilea ni mjomba wangu, kama ilivyo desturi yetu Wadigo. Nilimwamkia, akaniitikia, kisha akaniambia nikae.

"Nimesikia habari za yule mwenzio wa Msambweni," alisema. "Wamemtia katika kambi ya wagonjwa kule kule kwao. Mungu amwafu. Lakini wewe usiende."

"Mjomba, kumzuru mgonjwa ni sunna."

"Sunna naijua. Na maradhi yale nayajua, yalimchukua ndugu yangu. Ukienda, katika nyumba hii utakula peke yako."

"Basi nitakula peke yangu, mjomba."

Hakunipigia kelele. Alisimama akaenda msikitini. Tangu siku hiyo mke wake aliniwekea sahani yangu na kikombe changu ukumbini, mbali na wenzangu, na kila alipoviweka alikuwa akifuta macho kwa ncha ya leso. Sikuwahi kumlaumu mjomba. Alikuwa na watoto wadogo ndani.

Nilikwenda kwa baiskeli. Barabara ilikuwa ya mchanga, na ukikaribia Gazi magurudumu yalizama, ukashuka ukasukuma. Kambi yenyewe ilikuwa vibanda vya makuti chini ya mikanju, karibu na bahari, na baraza moja ya saruji ambapo wageni walikaa. Dresa wa pale, mfunga vidonda, Mgiriama mmoja aliyeitwa Katana, alinisimamisha.

"Wewe ni nani kwake?"

"Ni mwenzake wa chuo."

Alinitazama toka juu hadi chini. "Wa damu yake hawaji, ila mama," akasema. "Pita."

Hamisi alikuwa barazani. Alikuwa amekonda, mkono wa kushoto umefungwa bendeji, na vidole viwili vya mkono wa kulia vimeanza kujikunja vyenyewe. Nilipomtolea salamu na kumnyoshea mkono, aliurudisha wake nyuma.

"Alaikum salaam," alisema. "Kaa upande ule, upepo unakotoka." Nilipokaa akauliza, "Kalkulasi ulipata ngapi?"

"Nilianguka."

Akacheka. Wanangu, nilikuwa nimeendesha baiskeli njia nzima nikitafuta maneno ya kumwambia, na yeye akacheka mpaka akakohoa. "Ulikosea nini?"

"Niligeuza mpango wa kujumlisha, nikaanza na ule wa pili. Mipaka nikaiacha vile vile."

"Hukuchora eneo."

"Sikuchora."

Akamwita Katana, akamwomba kipande cha mkaa na kitambaa. Katana akamfunga mkaa ule mkononi, na Hamisi akainama akachora juu ya saruji.

Likizo yote nilisoma pale, kila asubuhi isipokuwa Ijumaa. Alifundisha bila haraka, akifuta kwa kanzu yake. Wagonjwa wengine walikuja kukaa kutusikiliza, maana siku za kambini ni ndefu. Bibi mmoja aitwaye Mwanatumu, aliyeishi pale tangu ujana wake, alitutazama kwa muda mrefu kisha akauliza, "Mwaandika kombe, la kuosha mkanywesha wagonjwa?"

"Si kombe, bibi," Hamisi alimjibu. "Ni hesabu."

"Na hiyo alifu, mbona imepinda?"

"Hiyo ni ya kujumlishia."

"Yajumlisha nini?"

"Vipande vidogo vidogo, bibi, vidogo hata havionekani, mpaka viwe kitu kizima."

Bibi Mwanatumu akainua mkono wake, ambao haukuwa na vidole tena. "Basi niwekeeni na huu," akasema.

Kisha akaanza kucheka yeye mwenyewe, na wagonjwa wenzake wakacheka, na Hamisi akacheka, na mimi nikasema naenda kunywa maji.

Hamisi alikuwa akitumia vidonge vipya vilivyokuwa vimeletwa miaka ile, na daktari alimwambia kwamba mambo yakienda vizuri atakuwa safi na kuruhusiwa kutoka. Tumaini hilo ndilo lililomweka hai. Siku ya mwisho ya likizo aliniambia, "Ukifaulu, nenda kwa mkubwa wa chuo. Mwambie nitarudi. Mwambie pia sitaki kuanza upya, naweza kuingia darasa lolote mtakalokuwamo."

Nilifaulu. Mskoti alinirudishia karatasi yangu bila maneno, ila kila hesabu ilikuwa na mchoro pembeni, na kila mchoro aliuwekea alama ndogo ya kalamu nyekundu. Nikaenda kwa mkubwa wa chuo. Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Atalala na nani?"

"Nitalala naye mimi."

Akasema Hamisi atakapopata cheti cha daktari wataangalia.

Cheti kilichukua zaidi ya mwaka. Hamisi alipokipata alipanda gari la moshi, nami nikampokea stesheni. Alivaa koti lake la zamani, lilikuwa linamwelea. Tulikwenda ofisini, mkubwa wa chuo yuko, na Mskoti yuko, ameitwa. Mimi nikaambiwa nisimame mlangoni. Mkubwa akakisoma cheti, akasema amefurahi, na maradhi si tatizo tena. Kisha akachukua karatasi ya ramani na kalamu ya wino ya kuchorea, akaviweka mezani.

"Mhandisi lazima achore," alisema. "Tafadhali, nichoree mstari."

Hamisi aliijaribu kalamu ile, ikamponyoka. Akaomba ruhusa, akatoa leso mfukoni, akajifunga kalamu mkononi kwa kutumia meno. Tulimngojea. Akauweka wino juu ya karatasi akavuta. Nilipokuwa pale mlangoni sikuuona mstari, nilimwona uso tu, na jasho juu ya mdomo.

Mskoti akasema, "Mkubwa, mimi nataka kichwa chake. Vidole iko watu wengi."

"Masharti ya digrii sikuyaandika mimi," mkubwa akajibu. Hakusema kwa ukali.

Hamisi ndiye aliyemaliza maneno. Alifungua leso kwa meno, akaiweka kalamu pembeni ya karatasi kwa uangalifu ili wino usidondoke. "Haukunyooka," alisema. "Naona mwenyewe haukunyooka." Akawashukuru wote wawili kwa muda wao.

Mskoti alitusindikiza hadi stesheni kwa miguu, akimchukulia Hamisi mfuko wake. Gari lilipoondoka alibaki amesimama, nami nikaondoka nikamwacha pale.

Mngedhani kuwa alirudi nyumbani kwa mama yake, na kweli alirudi. Lakini watu wa mtaa waliacha kununua makuti ya mama yule. Hawakumtukana wala kumfukuza. Walipita tu, wakenda kununua kwa wengine. Makuti yakamkaukia uani. Mama hakumwambia mwanawe neno, ila Hamisi alikuwa mtu wa kuona. Alichukua mfuko wake akarudi kambini kwa hiari, mtu aliyepona, akaomba kibanda. Wakampa. Akawa anafundisha watoto wa kambini kusoma na kuhesabu. Kila likizo nilimkuta pale, na mpaka namaliza digrii yangu sikumaliza somo gumu lolote bila kupita kwanza katika baraza ile.

Mjomba alikuja kuniruhusu kula na wenzangu tena, baada ya kuona kuwa miaka inapita nami sina baka. Hatukulizungumza jambo hilo kamwe.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya makaravati, mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara, katika barabara ya Lunga Lunga. Nikipita Msambweni nilishuka kwenye lori la kazi nikamsalimu, nikamweleza matatizo ya maji ya mvua na udongo wa kule, naye akafurahi kana kwamba barabara ni yake. Mara ya mwisho nilimkuta amelala. Alikuwa amekanyaga gamba la chaza ufuoni, likaingia ndani ya wayo, na kwa kuwa hakusikia maumivu alilitembelea hadi mguu ukavimba. Dawa ya dresa Katana ilikuwa imechelewa kuanza.

"Ulitumia kipimo gani cha bomba?" aliniuliza, macho yamefumba.

Nikamwambia.

"Ongeza," alisema. "Kule mvua ikija huja yote pamoja."

Nikaongeza. Karavati lile lipo hadi leo, lakini yeye hakuishi kuona mvua ya mwaka ule.

Nilipata habari mchana, nikafika kambini bado hajaoshwa. Shehe aliyekuja kumsalia alisimama mlangoni akauliza nani atamwosha, na wanaume waliokuwapo walitazama chini. Mama yake alikuwa nje, chini ya mkanju, amekaa na wanawake. Nikakunja mikono ya shati. Katana, ambaye si Mwislamu, alinisaidia kuteka maji akayaweka mlangoni, akasema, "Nielekeze panaponihusu, pasiponihusu nitakaa nje."

Nilimwosha polepole. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja, havikufunguka, nikavisafisha kimoja kimoja kwa ncha ya kitambaa kama mtu anavyomsafisha mtoto mchanga. Tukamzika katika makaburi ya kambi.

Asubuhi yake nilikuwa na kazi ya kumwaga zege huko Lunga Lunga, na nilichelewa. Vibarua walikuwa wamekwisha kuchanganya, toroli zimejaa, wananingojea. Msimamizi wao, mzee mmoja wa Kiduruma, alikuja kuniuliza kama niko mzima.

"Nilikuwa na msiba," nikamwambia.

"Pole, bwana. Msiba wa nani?"

"Wa mwenzangu. Tulikuwa tukisoma pamoja."

Akageuka akawaambia watu wake waweke sepetu chini. Wadigo waliinua mikono wakasoma Fatiha, na Wakamba na Waduruma waliokuwa si Waislamu walivua kofia wakainama. Wengine waliniuliza jina lake, nikawatajia, wakamwombea kwa jina. Zege ilikuwa inaanza kukauka ndani ya toroli, nami niliiona, nikaiacha ikauke.